Tendegu la Kitanda cha Bi Shterna

Reiza Gurvich alikuwa ameapa kwamba hatagusa selo tena. Hakuapa mbele ya mtu, maana tangu Wajerumani wawafungie Wayahudi wa Vilna ndani ya geto, mtaa uliozungushiwa ukuta, kila mtu alikuwa na viapo vyake vya kutosha. Aliapa kimoyomoyo, siku askari walipokuja kumchukua mumewe Leizer pale uani pamoja na wanaume wengine, wakaambiwa wabebe sabuni na taulo kwa sababu wanakwenda kazini. Kazi yenyewe ilikuwa katika msitu wa Ponary, na waliokwenda huko hawakurudi.

Kabla ya geto selo ndiyo iliyokuwa ikimlisha. Alifundisha wasichana wa mjini kuipiga hiyo fidla kubwa inayoshikwa kati ya magoti, na jioni alipiga katika bendi ndogo ya hoteli. Siku ya kuhamishwa alibeba godoro, sufuria na koti la baridi, akaiacha selo kwa jirani yake Mpolandi, Bi Jadwiga, mwangalizi wa jengo lao. Bi Jadwiga aliishusha stoo ya chini, akairundikia magunia ya makaa juu yake. Hata alipoulizwa na askari aliyekuja kupora vitu vya Wayahudi, alisema humo hamna kitu ila panya.

Ndani ya geto Reiza alikaa chumba kimoja na familia tatu nyingine, mashuka yametundikwa kuwa kuta. Kona ya dirishani ilikuwa yake na mama mkwe wake, Bi Shterna, mwanamke mfupi mwenye ulimi wa pilipili, ambao hata njaa haikuupunguza ukali. Bi Shterna ndiye peke yake aliyelala kitandani. Kitanda walikikuta humo, cha watu waliotolewa kabla yao, na hakuna aliyewataja watu hao. Tendegu moja lilikuwa limevunjika. Leizer, aliyekuwa fundi samani, alichonga jingine katika wiki yake ya mwisho, kwa kipande cha mti mweupe alichokificha pamoja na patasi zake. Matendegu matatu yalikuwa ya msonobari, ya hudhurungi, hilo la nne jeupe kama jino.

Nyuma ya shuka la pili aliishi Mwalimu Notke, mzee kapera aliyefundisha jiografia shule ya sekondari kwa miaka mingi, na sasa alifundisha katika shule ya geto, darasa lisilo na jiko wala vioo vya madirisha. Yeye ndiye aliyeanza kumchokoza Reiza.

"Shule inataka mwalimu wa muziki," alimwambia asubuhi moja wakisubiri zamu ya bomba la maji.

"Shule inataka mkate, Mwalimu."

"Mkate pia. Ila mkate wewe huna, muziki unao."

"Matanga ya watu hata hayajawekwa, nyinyi mnataka ngoma?"

Bi Shterna, aliyekuwa nyuma yao na ndoo, ndiye aliyemjibu.

"Matanga ya nani? Mwanangu yuko kazini. Akirudi atauliza nani alikuwa anamwombolezea akiwa hai."

Ndivyo alivyosema siku zote. Hakukubali kukaa kwenye kigoda cha msiba kwa siku saba kama desturi yao inavyotaka, hakukubali jina la Leizer litajwe katika sala za maiti, na hakukubali pia wimbo wowote uimbwe karibu naye. Mama mmoja wa chumbani alipombembeleza mtoto kwa wimbo, Bi Shterna aligonga ukuta. Reiza hakumlaumu, kwani hata yeye aliona afadhali kimya.

Kilichombadilisha kilikuwa kitu kidogo. Kila siku alitoka na kikosi cha wanawake kwenda kufanya usafi katika kambi ya reli, nje ya geto. Siku moja homa ilimshika, msimamizi akamrudisha mapema pamoja na wagonjwa wengine. Akipita kwenye korido ya shule alisikia ugomvi. Alichungulia. Watoto waliokuwa wamefunga matambara miguuni walikuwa wakibishana na Mwalimu Notke juu ya mito.

"Volga ni mrefu kuliko Danube, lakini Danube umepita nchi nyingi," msichana mmoja alikuwa akisema, mrefu, mwembamba, viganja vikubwa kama vya mwanamume. "Mto ukipita nchi nyingi ndio mkubwa."

"Tsirl, mto hauhesabiwi kwa pasipoti," mwalimu alisema.

"Mimi nikitoka hapa nitauona kwanza Danube."

"Huoni kitu, utakuwa unauza vitunguu," mvulana akadakia, na darasa zima likacheka.

Reiza alisimama pale mlangoni, meno yakigongana kwa homa. Hakuna aliyegeuka kumtazama. Kwa miezi mingi hakuwa ameona watu wasiotazama mlango. Geto zima liliishi likitazama mlango, masikio yamesimama kama ya sungura, na hawa hapa walikuwa wamekasirikiana kwa sababu ya Volga. Aliona wivu. Wivu ule ulimshangaza kuliko homa.

Homa ilipopoa alimwendea Fayvel. Fayvel alikuwa mshirika wa Leizer katika karakana yao ya zamani, mtu wa mabega mapana na mizaha isiyokoma, na sasa alitoka na kikosi kilekile cha reli kurekebisha milango na madirisha.

"Selo yangu iko kwa Bi Jadwiga," Reiza alimwambia. "Nataka iingie humu."

"Selo? Mwenzio juzi amepigwa kwa sababu ya viazi viwili mfukoni. Utaiweka wapi, kwenye soksi?"

"Kuni tunaruhusiwa kuingiza."

Fayvel alimtazama, akakuna ndevu. "Kuni," alisema polepole, kama mtu anayeonja mchuzi. "Shemeji, wewe unataka niichinje selo."

"Wewe si fundi? Kinachogundishwa si hubanduliwa?"

Bi Jadwiga alikuwa akiishi hatua chache kutoka njia ya reli. Mlinzi wao wa kazini, mzee mmoja wa Kilithuania aliyependa kusinzia baada ya chakula, alipewa saa ya mkononi ya Leizer ili asinzie zaidi. Fayvel alishuka stoo na kisu chembamba na birika la maji ya moto, akaibandua selo ile kiungo baada ya kiungo, huku Bi Jadwiga akishika taa na kufanya ishara ya msalaba kana kwamba yupo kwenye upasuaji. Kisha ukaanza usafirishaji. Ubao wa mgongo uliingia chini ya koti la mwanamke mmoja mnene ambaye hakuwa mnene tena, na ubao wa tumbo ukaingia vivyo hivyo siku nyingine. Mbavu zake, zile mbao nyembamba zilizopindwa, wanawake walizivaa viunoni kama mishipi. Nyuzi Reiza alizisuka ndani ya nywele zake. Upinde wa kuipigia ulishuka mgongoni mwake, na siku hiyo alitembea amenyooka hata wenzake wakamtania kwamba amepata cheo.

Vipande vilijikusanya chini ya kitanda cha Bi Shterna, vimefunikwa gunia. Halikupita juma, mama mkwe akavigundua.

"Hii ni nini?"

"Ni kuni, mama."

"Usinidanganye, nimezeeka lakini sijapofuka. Ni lile dude lako." Bi Shterna aliketi kitandani. "Mume wako yuko huko hajulikani analala wapi, wewe unataka kupiga muziki kwenye chumba cha mama yake."

Reiza alikuwa amechoka, mikono imepasuka kwa baridi na magadi. Maneno yalimtoka kabla hajayapima.

"Mama, chagua moja. Kama Leizer yu hai, kwa nini nisipige? Alipenda kunisikiliza. Na kama amekufa, tukae chini tumlilie kama watu. Hivi ulivyotuweka, hatuombolezi wala hatuishi."

Bi Shterna alilala, akageukia ukutani, na kwa siku kadhaa akawa anamsemesha mkwewe kupitia kwa jirani: mwambie huyo maji yamechemka, mwambie huyo amwage majivu.

Ikabaki shingo. Shingo ya selo ndiyo kipande kigumu kukificha, maana ni nene, na mwishoni ina ule msokoto wa kuchongwa unaofanana na konokono. Fayvel aliubandua ubao mweusi wa vidole, akaubeba yeye chini ya suruali. Shingo yenyewe Reiza aliifunga katikati ya mzigo wa kuni.

Jioni ile langoni palikuwa na askari mgeni, kijana mwenye mafua, ameketi karibu na pipa la moto. Alitaka kuonyesha kwamba anajua kazi. Aliwafungulisha mizigo wote. Wa Reiza ulipofika, aliusukuma kwa buti, konokono akachomoza.

"Hiki nini?"

"Kuni, bwana."

"Kimepakwa rangi."

"Mguu wa kiti kilichovunjika, bwana."

Askari alikiokota, akakigeuzageuza. Ilionekana kama kimempendeza. Kisha akapiga chafya, akapangusa pua kwa mkono, akampa Reiza shingo ile.

"Basi, kama ni kuni, tuote moto. Tia."

Nyuma yake Fayvel alikohoa. Reiza alielewa: tia, usifikirie. Aliitia. Vanishi ilishika moto mara moja, ikanuka utamu kama sukari iliyoungua, na alilazimika kusimama pale mikono kando mpaka konokono akawa mwekundu, akameguka. Ndipo askari akampungia apite.

Alifika chumbani, akaketi sakafuni na koti lake, akalia. Alilia kwa sauti, kamasi zikimtiririka, kitu ambacho hakukifanya siku ile ya uani wala siku nyingine yoyote baada yake. Fayvel alisimama mlangoni na kofia mkononi, akamweleza Bi Shterna kilichotokea.

"Naona aibu," Reiza alisema alipopata pumzi. "Leizer sikumlilia hivi. Nalia kipande cha mti."

Bi Shterna alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda. Ilikuwa mara ya kwanza kwa siku nyingi kumsemesha moja kwa moja.

"Lia," alisema. "Mtu hulilia kile anachokiweza."

Halafu akamgeukia Fayvel. "Wewe. Huwezi kuchonga nyingine?"

"Naweza, Bi Shterna, nikipata mti. Si msonobari, huo nyuzi zitaukunja. Unatakiwa mti mgumu, uliokauka vizuri, wa unene huu." Alionyesha kwa viganja. "Humu ndani kila chenye unene huo kimeshapikiwa supu."

Reiza aliona macho ya Bi Shterna yameshuka sakafuni, akadhani amechoka, kumbe anatazama tendegu jeupe.

"Lete msumeno," alisema.

Fayvel alilitambua. Alikuwepo Leizer alipolichonga, alimshikia ubao. "Bi Shterna, hili..."

"Najua ni la nani. Lete msumeno, kabla sijabadili mawazo. Na matofali mawili, nisije nikalala nimeinama kama meli inayozama."

Alipoanza kukata, bibi aliondoka akaenda kusimama koridoni. Hakurudi mpaka sauti ya msumeno ilipokoma.

Ilimchukua Fayvel wiki nyingi. Mchana alirekebisha milango na madirisha ya reli, jioni akachonga. Gundi alichemsha kwa kwato za farasi, na harufu yake iliwafanya majirani wamlaani hadi kizazi cha nne. Hakuchonga konokono. Alisema konokono ni urembo, na tena hataki kushindana na marehemu aliyeungua langoni. Mwisho wa shingo aliuacha wazi, mraba, na ukitazama kwa makini ungeona mstari ambapo patasi ya Leizer iliishia na ya Fayvel ilianzia.

Mwisho wa majira ya baridi, Reiza alipiga selo ile darasani kwa Mwalimu Notke, adhuhuri ya siku ya mapumziko. Watoto walikaa sakafuni, wazazi wachache wakaegemea ukuta. Uani mtu mmoja alipaza sauti ili asikike: "Haya, chezeni, makaburi yanawapigia makofi." Kila aliyekuwamo alikwisha kujiambia maneno hayo mwenyewe kabla ya kuja.

Sauti ilikuwa mbovu. Selo iligundishwa kwenye baridi na ilikoroma kama mtu mwenye mafua, na vidole vya Reiza vilikuwa vimesahau. Alianza wimbo wa kubembelezea watoto, akakosea, akasimama, akaanza tena. Mara ya pili vidole vilikumbuka. Aliusikia mti ukitetemeka kifuani mwake na dhidi ya kiganja chake cha kushoto, pale kwenye shingo nyeupe isiyopakwa vanishi, na kiganja kikapata joto. Hakumwona Leizer wala malaika. Aliona tu kwamba amepiga hadi mwisho, na kwamba mwanamke mmoja ukutani anafungua kitambaa chake cha kichwa na kujifutia uso bila kuficha.

Bi Shterna hakuingia. Alisimama koridoni nyuma ya mlango, na walipokuwa wakirudi alisema, "Umeenda mbio mno. Katikati pale, palitaka taratibu."

"Ndiyo, mama."

"Leizer nilimwimbia taratibu."

Siku iliyofuata aliomba kigoda cha mtu, akavua viatu, akaketi chini kumwombolezea mwanawe. Reiza aliketi naye. Mwalimu Notke alikusanya wanaume wa kutosha kwa sala. Majirani walileta walichonacho: kipande cha mkate, bitiruti iliyochemshwa, yai moja ambalo hakuna aliyethubutu kuuliza limetoka wapi. Kwa siku saba Bi Shterna alisimulia utoto wa Leizer, jinsi alivyowahi kukata miguu ya meza ya Pasaka ili iwe ya kimo chake, na watu walicheka, naye akacheka, kisha akalia.

Baada ya hapo Reiza alifundisha. Alitoka asubuhi na kikosi cha reli, akarudi, akafundisha hadi giza la kwanza. Walikuwa na selo moja, wanafunzi wengi. Waliokosa zamu walijifunza vidole kwenye vipande vya ubao vilivyochorwa nyuzi. Tsirl, yule msichana wa viganja vikubwa, alikuwa na mkono unaofaa kuliko wote na moyo uliokuwa mbali kuliko wote.

"Wewe unafikiria nini ukipiga?" Reiza alimuuliza siku moja, amechoka.

"Mto Amazoni, mwalimu."

"Amazoni una sauti hii ya kwato?"

"Ndiyo maana nafikiria Amazoni, nisiisikie."

Bi Shterna, aliyekuwa akimenya viazi vilivyooza nusu, alicheka mpaka kisu kikamponyoka.

Majira ya kiangazi Mwalimu Notke alishikwa na homa ya matumbo. Alipokuwa taabani, watoto walipeana zamu kumsomea majina ya milima, naye alisahihisha matamshi hadi siku ya mwisho. Tsirl ndiye aliyeendeleza darasa la jiografia kwa wadogo, bila ramani, akiichora kwa mkaa ukutani.

Mwaka uliofuata, mwezi wa Septemba, geto lilifutwa. Watu walitolewa wote kwa siku moja na kusukumwa hadi uwanja wenye matope, ambapo ofisa aliwagawa kwa kidole: wenye nguvu huku, wazee na watoto kule. Selo ilibaki chumbani, imeegemea kitanda chenye matofali. Wanaume walikuwa wameshatenganishwa. Fayvel alipelekwa Estonia, na hakuna aliyemwona tena baada ya baridi ile.

Bi Shterna alikwisha kufahamu atapelekwa upande gani kabla kidole hakijamfikia. Alimfunga Reiza kitambaa chake mwenyewe, akakivuta chini hadi kwenye nyusi kufunika mvi zilizoanza.

"Tembea kama mtu anayewahi kazi," alisema. "Na usigeuke. Ukigeuka watajua sisi ni pamoja."

"Mama."

"Nenda, mwanangu. Huyo msichana mkubwa, mshike mkono, sema ni mdogo wako. Ana mikono ya kibarua, watamtaka."

Reiza alimshika Tsirl mkono, akasema ni mdogo wake. Kidole kiliwaelekeza kulia. Hakugeuka. Maisha yake yote yaliyobaki alijua ni jambo lililomgharimu kuliko yote, na kwamba alilifanya kwa sababu aliamriwa na mtu aliyekuwa na haki ya kumwamuru.

Waliishia katika kambi huko Latvia, wakichambua vyuma kutoka kwenye betri zilizokufa, tindikali ikiwala vidole. Hapakuwa na selo, ubao wala mkaa. Kulikuwa na kusimama uwanjani kuhesabiwa, asubuhi na jioni, katika upepo. Hapo ndipo Tsirl alipoanza kunong'ona mito. Alianzia chanzo, akataja miji ambayo mto unapitia, daraja kwa daraja, hadi baharini. Wanawake waliosimama karibu walimwomba aendelee. Mwenyeji wa Budapest alimsahihisha juu ya madaraja ya kwao, akatokwa na machozi, akamwomba arudie. Reiza, aliyesimama nyuma ya Tsirl, alimpigia nyimbo mgongoni kwa vidole vyake vilivyoungua, ili yeye mwenyewe asizisahau. Hawakushiba kwa hayo. Waliokufa walikufa. Lakini hao wawili, kila asubuhi, walikuwa na kitu cha kuendeleza pale walipokiachia jana.

Walikombolewa wakiwa mifupa. Baada ya vita Reiza alikwenda Vilna mara moja. Alimkuta Bi Jadwiga, wakakaa jikoni kwake wakanywa chai bila maneno mengi. Jengo la geto lilikuwa halina milango wala madirisha, chumba kile kimejaa vumbi la chokaa. Hakupata kitu, na hakukaa kutafuta.

Alihamia Lodz, huko Poland, akapata kazi katika makao ya watoto waliotoka mafichoni, wengine kutoka nyumba za watawa, wengine kutoka mashimo ya msituni. Palikuwa na piano yenye vibao vichache visivyolia, na fidla mbili. Selo ililetwa baadaye na mtu aliyesema ni ya kaka yake.

Tsirl alisoma, akawa mwalimu wa jiografia. Muziki hakuufuata kamwe, na aliposukumwa sana alikiri kwamba selo haikuwahi kumpendeza hata siku moja. Aliipiga kwa kumwonea huruma Bi Reiza. Reiza aliposikia hayo alikasirika siku nzima. Jioni alicheka, akamwandalia Tsirl chakula, na wakabishana mezani, kwa sauti ya juu, kuhusu mto upi ni mkubwa, hadi watoto wa makao wakaja kuchungulia mlangoni nani anagombana.